Dalili ya saratani si hukumu ya mgonjwa

Wahenga wetu walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Walimu huifunza methali hii tangu shule ya msingi, na wanafunzi huikamilisha katika karatasi za mitihani pasi na kufikiri mara mbili. Lakini mkulima wa Kitui au Machakos, aliyezoea kuitazama mbingu ya mwezi wa Oktoba kwa matumaini, anajua jambo ambalo methali hii haikulitaja. Mawingu hutanda, yakawa meusi tititi, kisha upepo ukayachukua yote bila ya tone moja kuanguka. Wingu ni dalili ya kweli, na mwenye busara huanika nafaka zake akiwa na habari nalo. Hata hivyo wingu si mvua. Tofauti hii ndogo ndiyo ninayokusudia kuijadili leo, na nitaijadili kwa kutumia maradhi ambayo wengi wetu hatupendi hata kuyataja: saratani ya matiti.

Msomaji huenda akauliza, mwanaisimu ana hoja gani na maradhi? Ni swali la haki. Mimi si tabibu, wala sijawahi kushika kisu cha upasuaji. Kazi yangu ni maneno. Lakini ni maneno machache, niliyoyatamka mimi mwenyewe kwa kinywa changu, yaliyonilazimisha kufuatilia habari za uvimbe na mishipa ya damu. Kosa nililolitenda siku ile linanikereketa hadi leo.

Mwaka wa 2009 shangazi yangu alinijia na bahasha ya kahawia. Alikuwa amefanyiwa uchunguzi wa uvimbe uliokuwa katika titi lake la kushoto. Ndani ya bahasha mlikuwa na ripoti ya maabara pamoja na barua ya daktari, zote mbili kwa Kiingereza. “Mwanangu,” akaniambia, “wewe ndiye tuliyekusomesha. Nisomee.” Nami nikasoma. Ripoti ilieleza kwamba seli za saratani zilikuwa zimeonekana ndani ya baadhi ya mishipa midogo iliyo kando ya uvimbe. Barua nayo ilisema kwamba jambo hilo, pamoja na ukubwa wa uvimbe wenyewe, ni miongoni mwa ishara ambazo kwa kawaida huenda sambamba na matokeo yasiyo mazuri; kwa hiyo matibabu yaanze upesi. Kwa haraka ya mtu aliyezoea kutafsiri, nikamwambia: “Shangazi, wanasema saratani imeingia kwenye damu, na utabiri ni mbaya.”

Shangazi hakulia. Alizikunja karatasi zake, akanishukuru, akarudi nyumbani. Miezi minne baadaye nilipata habari kutoka kwa binamu yangu kwamba hakurudi hospitalini hata siku moja. Alipoulizwa sababu alijibu kwa utulivu kwamba yeye amekwisha kutabiriwa, na kwamba nauli ya kwenda mjini ni afadhali wanunuliwe wajukuu madaftari.

Hebu tulitazame kosa langu. Neno “kutabiri” limetujia kutoka Kiarabu, na huko asili yake inahusiana na kufasiri ndoto. Katika Kiswahili limeambatana na mtabiri na mpiga ramli. Ni kweli kwamba redio hutusomea “utabiri wa hali ya hewa” kila jioni, lakini mama mwenye umri wa miaka sitini, anapoambiwa na msomi wa ukoo kuwa kuna utabiri juu ya mwili wake, hafikirii idara ya hali ya hewa. Anafikiri kwamba pazia limefunuliwa na siku yake imeonekana. Daktari aliandika habari za uwezekano. Mimi nilimpa shangazi yangu hukumu.

Na lile la pili, la saratani kuingia kwenye damu, lilikuwa baya vilevile. Kuonekana kwa seli chache ndani ya vijishipa vilivyo jirani na uvimbe si sawa na kusema kwamba damu yote ya mtu imekwisha kuharibika. Sikulijua hilo. Nililijua baadaye nilipomwendea mwenzangu mmoja wa kitivo cha utabibu na kumwomba anieleze, polepole kama amwelezavyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mishipa ya damu ina uhusiano gani na saratani. Niliyoyasikia, na niliyoyasoma baada ya hapo, ndiyo haya.

Ajabu ya kwanza ni kwamba jibu lilikuwa limefichwa ndani ya neno lenyewe. “Saratani” kwa Kiarabu ni kaa, yule mdudu wa pwani atembeaye kiubavu. Wazee wetu wa mwambao waliojua elimu ya nyota walilitumia neno hilohilo kuitaja buruji ya Kaa. Waarabu nao walikuwa wakiifuata njia ya Wayunani, ambao katika zama za Hippocrates waliyaita maradhi haya kwa jina la kaa. Kwa nini kaa? Tabibu Galen, aliyefanya kazi Roma katika karne ya pili, alieleza kwamba katika uvimbe wa titi alikuwa ameona mishipa iliyovimba ikitoka kila upande, kama miguu ya kaa itokavyo katika gamba lake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 1037, naye aliigusia sura hiyohiyo. Kwa hiyo kila tunapotamka neno saratani tunataja, bila ya kujua, mishipa ya damu inayouzunguka uvimbe. Matabibu wa kale waliiona miguu ya kaa. Walichokosa ni kujua inafanya kazi gani.

Ilipita takriban miaka elfu moja na mia nane kabla ya jambo hilo kuanza kufahamika vyema. Mwanzoni mwa miaka ya sitini daktari kijana wa Marekani, Judah Folkman, alikuwa akitumikia katika maabara ya jeshi la wanamaji huko Bethesda. Yeye na mwenzake, Frederick Becker, walikuwa wakitafuta kiowevu kinachoweza kushika nafasi ya damu. Ili kukijaribu, walikipitisha katika tezi zilizotolewa mwilini mwa wanyama, kisha wakapandikiza humo seli za saratani. Seli zile zilikua, zikafikia ukubwa wa kichwa cha pini, zikakoma. Hazikufa. Ziliporudishwa katika mwili wa panya hai ziliendelea kukua kwa kasi hadi zikamuua. Folkman akajiuliza: ni nini kilichokosekana ndani ya tezi ile ambacho katika mwili wa panya kilikuwako? Jibu lake lilikuwa mishipa mipya ya damu.

Mantiki yake ni nyepesi. Kila seli ya mwili huhitaji oksijeni na chakula, na oksijeni haiwezi kupenya mbali ndani ya nyama baada ya kutoka katika mshipa. Mwaka wa 1955 watafiti wa Uingereza, Thomlinson na Gray, walikuwa tayari wameonyesha kwamba katika uvimbe wa saratani ya mapafu, seli zilizo mbali na mshipa kwa kiasi cha sehemu mbili tu za milimita iliyogawanywa mara kumi huanza kufa. Uvimbe usio na mishipa yake wenyewe, basi, hufikia milimita moja au mbili ukadumaa. Ukitaka kuzidi hapo, sharti uushawishi mwili uutengenezee mishipa mipya. Mnamo Novemba 1971 Folkman, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa upasuaji katika Hospitali ya Watoto ya Boston, aliichapisha nadharia hii katika jarida la utabibu la New England, na akaongeza pendekezo la kijasiri: tukiizuia mishipa isichipuke, huenda tukauzuia uvimbe usikue.

Wengi walimdhihaki. Walidai kwamba mishipa ile si chochote ila matokeo ya mwasho, mithili ya wekundu uzungukao jipu. Lakini ushahidi ulianza kujitokeza. Mwaka wa 1972 Michael Gimbrone, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Folkman, aliweka vipande vidogo vya uvimbe katika maji yaliyomo ndani ya jicho la sungura. Kipande kilichoelea mbali na mishipa kilibaki kidogo ingawa kilikuwa hai. Kile kilichowekwa karibu na mboni, mahali penye mishipa, kilifikiwa na vijishipa vipya, kikavimba maelfu ya mara katika majuma machache. Mwaka wa 1983 Harold Dvorak na wenzake waligundua protini itokayo katika uvimbe ambayo huifanya mishipa ivuje. Mwaka wa 1989 Napoleone Ferrara na wenzake huko California waliitenga protini inayozichochea seli za kuta za mishipa ziongezeke. Ikabainika kwamba protini hizo mbili ni kitu kimoja.

Anayeishi katika mitaa yetu ya mijini hatapata taabu kuelewa. Mtaa hukua bila ya mpango, maji ya baraza la mji hayaufikii, na usiku watu hujiunganishia mabomba kwa siri kutoka katika bomba kuu. Mabomba hayo hupinda huku na huku, huvuja kila kiungo, na hakuna ajuaye lipi linaelekea wapi. Lakini mtaa hupata maji na huzidi kukua. Mishipa ya uvimbe ndivyo ilivyo. Imepindapinda, inavuja, haina utaratibu. Na ubaya wake mwingine ni kwamba njia iletayo maji ndani yaweza pia kutoa mtu nje. Kupitia kuta hizo dhaifu seli za saratani hupenya, zikasafirishwa hadi mapafuni, kwenye ini, kwenye mifupa au kwenye ubongo. Saratani ya titi aghalabu haiui kwa kuwa titini. Huua kwa kusafiri.

Hapo ndipo lilipozuka swali la dalili. Ikiwa mishipa ndiyo chakula cha uvimbe na ndiyo barabara yake, je, tukiihesabu hatuwezi kujua mapema ni uvimbe upi utakaosafiri? Noel Weidner, mwanapatholojia wa Boston, aliamua kuhesabu. Alichukua vipande vya uvimbe wa wanawake 49 waliokuwa na saratani ya matiti, akavitia rangi inayoshika kuta za mishipa ya damu, akatafuta kwa hadubini mahali penye msongamano mkubwa zaidi wa mishipa, akaikuza sehemu hiyo mara 200 na kuhesabu kijishipa kimoja kimoja. Miongoni mwa wanawake hao, 30 saratani yao ilikuwa imesambaa na 19 ilikuwa haijasambaa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1991, na Folkman akiwa mmoja wa waandishi. Katika kundi la kwanza wastani ulikuwa mishipa 101 katika eneo lililokaguliwa. Katika kundi la pili ulikuwa 45.

Msomaji anaweza kufikiria jinsi nambari hizo zilivyopokewa. Hatimaye miguu ya kaa wa Galen ilikuwa imehesabiwa, na ilionekana kusema jambo. Mwaka uliofuata Weidner na wenzake walirudia kazi hiyo kwa wagonjwa 165, nao waliokuwa na mishipa mingi walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi. Maabara nyingi za Ulaya na Marekani zikaanza kuhesabu mishipa.

Lakini hebu mwalimu wa hisabati asimame hapa kidogo pamoja na wanafunzi wake. Wastani wa 101 na wastani wa 45 ni nambari zilizo mbali. Hata hivyo wastani huficha mengi. Katika kundi lile la kwanza hesabu zilitawanyika sana kuzunguka wastani wake, kwa kiasi kinachokaribia 49 juu na chini. Katika kundi la pili zilitawanyika kwa kiasi cha 21. Hii ina maana kwamba kulikuwa na mwanamke ambaye saratani yake ilikuwa imesambaa ilhali mishipa yake ilikuwa michache, na mwingine ambaye mishipa yake ilizidi hiyo ilhali saratani yake haijaenda popote. Makundi mawili yalitofautiana kwa yakini. Watu wawili, mmoja kutoka kila kundi, waliweza kufanana kabisa. Anayetazama kundi anaona mlima na bonde. Anayemtazama mtu mmoja anaweza kuwa amesimama penye ukungu katikati.

Matatizo mengine yalijitokeza. Mhesabu mmoja huchagua eneo hili, mwenzake akachagua lile. Rangi moja huionyesha mishipa yote, nyingine huiacha baadhi. Wengine walipendekeza wasihesabu mishipa yenyewe bali watumie lenzi yenye vitone 25 na kuhesabu vitone vingapi vinaangukia mishipa, ili mkono wa mtu upunguze upendeleo. Baadhi ya tafiti zilikubaliana na Weidner, nyingine zikampinga. Mwaka wa 2004 watafiti wa Ufaransa walizikusanya tafiti 87 zilizochapishwa na kuzipima kwa pamoja. Walihitimisha kwamba wingi wa mishipa ni dalili ya kweli ya mwendo wa maradhi, lakini ni dalili dhaifu. Ndiyo maana hadi leo hesabu hiyo haimo katika orodha ya vipimo vya kawaida ambavyo daktari huviegemea anapompangia matibabu mgonjwa wa saratani ya matiti. Yeye hutazama ukubwa wa uvimbe, kama tezi za kwapani zimefikiwa, sura ya seli chini ya hadubini, na kama seli hizo zina vipokezi vya homoni au wingi wa protini iitwayo HER2.

Yapo masimulizi mengine yanayopaswa kuambatana na hayo. Kutokana na kazi ya Ferrara ilitengenezwa dawa ya kuizima ile protini ya kuchipusha mishipa. Dawa hiyo, bevacizumab, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Mnamo Februari 2008, mwezi mmoja baada ya Folkman kufariki, ikaidhinishwa pia, kwa masharti, kwa saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa. Utafiti ulikuwa umeonyesha kwamba waliopewa dawa hiyo pamoja na dawa ya kawaida walikaa takriban miezi 11.8 kabla ya maradhi kuzidi, ilhali wale wengine walikaa miezi 5.9. Ni tofauti kubwa. Lakini walipohesabu ni nani aliyeishi muda mrefu zaidi, makundi yote mawili yalikaribiana mno. Tafiti zilizofuata zilionyesha faida ndogo zaidi, na madhara yalikuwapo: shinikizo la damu, kuvuja damu, hata kutoboka kwa utumbo. Mnamo Novemba 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiondoa idhini ya kuitumia kwa saratani ya matiti, ingawa baadhi ya wagonjwa walifika mbele ya kikao na kusihi isiondolewe, kwani wao waliamini kwamba imewafaa.

Kwa nini dawa haikutimiza matarajio? Uvimbe ni mjanja. Ukifungiwa ishara moja, hutumia nyingine. Uvimbe mwingine hauchipushi mishipa mipya kamwe. Hujipenyeza kando ya mishipa ya zamani ya mwili na kujinywea humo. Zaidi ya hayo, hakuna kipimo kilichokubalika cha kumtambua mapema yule ambaye dawa itamfaa. Na hapa, kama mwanaisimu, naona tofauti ambayo Kiswahili chetu bado hakijaipa majina mawili. Kuna dalili inayotuambia maradhi huenda yakaelekea wapi, na kuna dalili inayotuambia dawa ipi huenda ikafaa. Sisi tunaziita zote “utabiri”. Wingi wa mishipa ulikuwa dalili hafifu ya aina ya kwanza, na haukuwa ya aina ya pili. Mtu akizichanganya, atadhani kwamba mwenye mishipa mingi ndiye lazima aponywe na dawa ya mishipa, jambo ambalo halikuthibitika.

Kuvunjika kwa koleo, hata hivyo, si mwisho wa uhunzi. Tazama habari ya HER2. Mwaka wa 1987 Dennis Slamon na wenzake waliripoti kwamba wanawake ambao uvimbe wao una nakala nyingi za jeni ya protini hiyo walikuwa na mwisho mbaya zaidi kuliko wenzao. Ilikuwa habari ya kuogofya. Lakini mwaka wa 1998 iliidhinishwa trastuzumab, dawa inayoilenga protini hiyohiyo, na katika miaka iliyofuata matokeo ya wagonjwa wa namna hiyo yalibadilika sana. Alama iliyokuwa ya maafa ikawa mlango ambao dawa huingilia. Mtu aliyesomewa “utabiri” wake mwaka wa 1990 alisomewa jambo ambalo miaka kumi baadaye lisingekuwa kweli tena. Dalili haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni yale ambayo watu waliweza kuyafanya baada ya kuiona.

Nionavyo mimi, hapa ndipo penye somo kwa sisi tunaofundisha na tunaofundishwa kwa lugha hii. Tunahitaji neno ambalo likimfikia mgonjwa litambakishia nafasi ya kutenda. Napendekeza “makadirio”. Najua kwamba mwenye kuchimba mizizi atanicheka, kwani kukadiria na kadari zimetoka katika shina moja la Kiarabu. Lakini maana ya neno hutokana na matumizi, na hakuna Mkenya asiyejua makadirio ni nini. Kila mwezi wa Juni Waziri wa Fedha husimama bungeni na makadirio yake, na kabla ya mwaka kwisha huja na mengine ya nyongeza. Tunajua kwamba makadirio yametegemea hesabu ya kweli, kwamba si ya kupuuzwa, na kwamba hubadilika mambo yakibadilika. Laiti ningalimwambia shangazi: “Makadirio ya daktari si mazuri, ndiyo maana anataka uanze dawa wiki hii,” huenda miezi ile minne isingepotea.

Jambo hili si la nyumba moja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 wanawake zaidi ya 6,000 walipatikana na saratani ya matiti nchini Kenya, na zaidi ya 3,000 walifariki kutokana nayo. Madaktari wetu wamelalamika mara kwa mara kwamba wengi wao hufika hospitalini maradhi yakiwa yamekwisha kukomaa. Sababu ni nyingi: umbali, gharama, aibu, uhaba wa mitambo na wa wataalamu. Sitathubutu kusema kwamba lugha ndiyo sababu kuu. Lakini ni miongoni mwa sababu, na ndiyo iliyo mikononi mwetu sisi tusio madaktari. Msichana wa kidato cha tatu anayesoma bayolojia kwa Kiingereza ndiye atakayepewa bahasha ya kahawia na mama yake jioni moja. Atatafsiri kwa maneno gani? Tumempa yapi?

Mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili wangeweza kukaa pamoja kipindi kimoja tu na kuwafunza vijana kutofautisha dalili na hukumu, kundi na mtu, wingu na mvua. Waeleze kwamba uvimbe mdogo usio na maumivu ni wa kuchunguzwa. Waeleze kwamba kabla ya uvimbe kupata mishipa ya kutosha huweza kukaa kimya muda mrefu, na kwamba unapogunduliwa mapema huwa na mengi ya kufanyiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nilimwendea shangazi, nikapiga magoti, nikamwambia kwamba nilikuwa nimemsomea vibaya. Alinitazama kwa muda mrefu. “Kwa hiyo ile haikuwa siku yangu?” akauliza. Nikamjibu kwamba siku yake hakuna aijuaye, na kwamba daktari alikuwa akimhimiza tu asichelewe. Alifanyiwa upasuaji, akatumia dawa, akanyonyoka nywele zikaota tena. Aliishi miaka saba baada ya hapo, akamwona mjukuu wake mkubwa akihitimu ualimu. Sisemi kwamba alizikadhibisha nambari za madaktari; katika kila kundi wapo wanaoangukia upande ule mwingine, naye alikuwa mmoja wao. Wala siwezi kujua ile miezi minne ilimpunguzia nini. Ninachojua ni kwamba haikupotezwa na kaa wala na miguu yake. Ilipotezwa na neno, na neno hilo nilikuwa nimelichagua mimi.